Watoto wa Katoni

Rafiki yangu mmoja amehamia mtaa wa Bel-Air, na alipotualika kuiona nyumba yake alitupeleka kwanza ukutani. Kabla ya jikoni, kabla ya vyumba, ukutani. Juu ya makochi mapya alikuwa ametundika picha kubwa ya zamani, nyeusi na nyeupe, iliyochapwa upya kwenye turubai: watoto maskini wamekaa juu ya sanduku bovu kando ya barabara ya vumbi, macho yao yako mbali.

"Kila muntu anaitaka siku hizi," alituambia kwa furaha. "Batoto bamaskini beko banaota safari."

Wageni waliisifu. Mimi nilisogea karibu, nikawatazama watoto wale miguuni, nikakaa hivyo muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama nimeona doa. Nilimwambia hapana, ni picha nzuri. Sikumwambia kwamba nje mvua ilikuwa imeanza, na kwenye baraza wapakuzi walikuwa wamerundika katoni za vyombo vyake vipya, na harufu ya katoni iliyolowa ilikuwa imeingia ndani ikanirudisha kwenye saluni ya baba yangu, katika komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, mwaka ambao sikuweza kutembea.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha matofali kinachotazama barabara, kati ya mchomeleaji wa milango ya chuma na kanisa lililoimba hata siku za kazi. Ndani kulikuwa na kiti kimoja cha kunyolea, kioo chenye ufa, benchi la wateja, na ukutani, mahali ambapo mtu aliyekaa kitini hana budi kupaona, kulikuwa na picha. Baba alipewa na mteja aliyekuwa akihama mji. Watoto watatu, vichwa vyao vina vumbi, wamo ndani ya katoni kubwa. Wa mbele ameshika kifuniko cha sufuria, ndio usukani wake. Wa kati ni msichana, amekumbatia furushi la nguo. Wa nyuma, mdogo kuliko wote, anampungia mkono mtu ambaye hatumwoni. Wote wanacheka, isipokuwa dereva. Dereva yuko kazini.

Mimi nilikuwa nimeanguka kutoka ukuta wa lile kanisa tukicheza. Mguu ulivimba chini ya goti, ukapona juu, ukaoza ndani. Kidonda kilifunga na kufunguka, kikafunga na kufunguka, na mwishowe sikuweza kuukanyagia kabisa. Kaka zangu walikwenda shule. Mama aliuza samaki wakavu sokoni, akitoka kabla jua halijapata nguvu. Kwa hiyo kila asubuhi baba alipiga goti mbele ya kitanda changu, nikapanda mgongoni kwake, tukashuka barabara hadi saluni. Alikuwa mtu mwembamba, na mimi sikuwa mdogo tena. Lakini alisalimia watu njiani, akasimama kuuliza habari za wagonjwa wao, akacheka, kama mtu asiyebeba kitu. Sikumsikia akihema hata mara moja. Sasa nina watoto wangu, nimewabeba, na ninajua kuhema kule alikuwa anakuficha wapi: alisimama kuuliza habari.

Alinilaza nyuma ya mlango, kwenye godoro dogo lililotandikwa juu ya katoni, maana sakafu ya simenti ilikunywa mvua. Pale ndipo nilipoishi msimu mzima, katika harufu ya talki na spiriti na mafuta ya mashine, na chini yake harufu ya katoni zenye unyevu. Nilijua watu kwa viatu vyao.

Siku za kwanza nililia kila asubuhi, saa ambayo watoto wenye sare walipita mlangoni. Baba hakuniambia ninyamaze. Asubuhi moja, akiwa amemfunga mteja kitambaa shingoni, alisema kwa sauti kubwa, kama mtu mwenye shida ya kweli:

"Patron, nisaidie. Bale batoto, banaenda wapi?"

Mteja aliitazama picha kwenye kioo. Alikuwa mzee aliyestaafu mgodini, mtu asiyependa mzaha.

"Kolwezi," alisema hatimaye. "Kazi iko kule."

"Na ule mwenye kupunga mukono?"

"Anaaga bibi yake. Bibi alibakia."

Nilisahau kulia. Na tangu siku ile hakuna aliyekaa kwenye kile kiti bila kuulizwa. Kijana wa pikipiki ya abiria alisema wanaenda Dubai kununua simu. Mwanafunzi mmoja alisema Poto, yaani Ulaya, na akaeleza theluji mpaka baba akasimamisha mkasi kusikiliza. Kiongozi wa kwaya ya jirani alisema, "Mbinguni, Papa Noela. Wapi tena?" Hilo ndilo lilikuwa jina la baba mtaani, Papa Noela, kwa sababu mimi ndiye Noela, binti yake wa pekee. Watu wazima wenye madeni na mawazo yao waliingia wamenuna, wakatoka wakibishana kama katoni inaweza kuvuka mto. Mimi nyuma ya mlango nilijifunza dunia: Lusaka, Kinshasa, Brazil, Kalemie kwenye ziwa.

Mmoja tu hakubadilisha jibu. Papa Kambale alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mpole, mwenye pikapu nyeupe ya kupakia maharage, na Biblia ndogo kwenye mfuko wa shati. Alikuwa ameacha nyumba kule Kivu ya Kaskazini, na hakujua ni nani aliyekuwa anaufunga mlango wake usiku. Kila alipoulizwa alijibu vilevile, bila hata kuitazama picha:

"Banarudia kwabo."

Yeye ndiye aliyetuletea katoni za kutandika chini ya godoro langu. Nilimpenda. Halafu nikaanza kumwogopa, na sababu yake ni hii.

Baba alikuwa amenipeleka kwa daktari, na daktari akazungumza naye kwa Kifaransa juu ya kichwa changu. Njiani kurudi baba hakusimama kumsalimia mtu yeyote. Kesho yake Papa Kambale alikaa kitini, akauliza mtoto anaendeleaje.

"Dokta anasema bataikata," baba alisema, na papo hapo akawasha mashine ya kunyolea.

Mashine ile ilikuwa na kelele kama ya bati. Kwenye kioo niliona midomo ya baba ikiendelea kusema. Nilimwona Papa Kambale akitikisa kichwa kwa huruma. Mashine ilipozimwa, alikuwa anamalizia: "...Mungu iko." Hayo tu.

Bataikata. Niliutazama mguu wangu, halafu, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kutazama, nikaitazama picha. Nikaona ambacho sikuwahi kukiona. Watoto wale hawakuwa na miguu. Walikuwa na vichwa, mabega, mikono, na kisha katoni, na katoni iliishia kwenye mti wa fremu. Mtoto mwenye miguu hakai ndani ya katoni, anatembea. Hawa walikuwa wamekatwa. Walitiwa katoni ili watumwe, jinsi mizigo inavyotumwa. Na baba yangu, kila asubuhi, kwa kila aliyeingia, alikuwa anauliza wanatumwa wapi. Nikajua anauliza kwa ajili ya nani. Alikuwa anatafuta mahali pa kunituma mimi.

Wakubwa hucheka wakisikia hayo. Lakini jaribu kulala chini pale, na kila mteja anataja mji. Tangu siku ile niliwasikiliza kama mtu anayesikiliza hukumu yake. Aliyesema Likasi nilimshukuru moyoni, maana Likasi mama angeweza kufika kuniona. Aliyesema Dubai nilimchukia. Kiongozi wa kwaya alipotokea mlangoni nilijifunika shuka nikaziba masikio. Na Papa Kambale, na katoni zake, na ile "banarudia kwabo" yake ya upole, alikuwa ndiye dereva. Sikuwa na shaka. Alikuwa na pikapu.

Niliacha kula, hata bukari, yaani ugali. Nilimsikia mama jioni, akiosha mikono yake iliyonuka samaki:

"Noela anakataa bukari. Ata supu. Ule mutoto iko na kitu mu roho."

"Ni maumivu," baba alisema.

"Maumivu najua. Hii si maumivu. Umuulize."

Aliniuliza. Nilisema hakuna kitu. Ningemwambia nini? Huwezi kumlaumu mtu aliyekubeba mgongoni kila siku kwamba amechoka.

Siku ya kwenda hospitali ilikuwa siku ya mvua kubwa. Benchi lilikuwa limejaa watu waliojificha mvua zaidi ya wanaotaka kunyolewa, na kitini yule kijana wa pikipiki alikuwa amenyolewa upande mmoja. Pikapu ilisimama mlangoni. Papa Kambale akaingia, maji yanamchuruzika, amebeba mikononi katoni kubwa kuliko zote nilizowahi kuona, na ndani yake alikuwa amepanga mablanketi. Alikuwa amefikiria barabara yetu, mashimo yake, na mguu wangu. Alitaka nikae mahali laini nisitikiswe. Hayo nimeyajua baadaye.

"Tuko tayari," alisema kwa upole wake. "Tumutie mulemu."

Nilipiga kelele ambayo nadhani kwaya ya jirani iliisikia. Nilijiburuta hadi kwenye kiti cha kunyolea, nikakumbatia chuma chake kwa mikono miwili.

"Papa, musinitie mu katoni! Musinitume! Nitatembea! Papa, nitatembea kesho!"

Baba aliinama kunishika. Nilimng'ata. Mtu mmoja kwenye benchi alicheka. Baba aliinuka, akamtazama, akasema bila kupaza sauti:

"Mwenye kucheka, atoke inje."

Hakuna aliyecheka tena. Kisha alifanya jambo ambalo sijamwona mtu mzima mwingine akilifanya katika haraka kama ile, gari linasubiri, daktari anasubiri. Alikaa chini sakafuni, kwenye nywele zilizonyolewa, na koti lake jeupe la kazi, mgongo wake umeegemea kiti. Akasubiri mpaka nikapumua.

"Nani alisema banakutuma?"

"Weye."

"Miye?"

"Ulisema bataikata. Sawa bale." Nilinyosha kidole kwenye picha bila kuitazama. "Bale banakatwa miguu. Kila siku unauliza banaenda wapi."

Niliuona uso wake ukielewa. Haukuelewa mara moja. Ulielewa polepole, neno kwa neno, akirudi nyuma asubuhi zote zile, na kila asubuhi aliyoifikia ilimuumiza. Alifunika macho kwa mkono. Halafu akainuka, akaitungua picha ukutani, akachukua mkasi wake mzuri, ule ambao hatukuruhusiwa hata kuugusa, akaanza kung'oa nao misumari ya nyuma ya fremu.

"Papa Noela, mukasi yako," mtu alisema.

"Niache na mukasi."

Ncha ya mkasi ilivunjika. Hakujali. Alitoa ubao wa nyuma, akaivuta picha, na nikaona kwamba karatasi ilikuwa imekunjwa chini, mkunjo mpana, uliobanwa miaka yote ile nyuma ya mti. Akaukunjua kwa kiganja, akaniwekea picha mapajani.

"Fremu ilikuwa fupi," alisema. "Miye njo nilibakunja. Tazama."

Walikuwa na miguu. Chini ya katoni, kwenye vumbi, miguu yao mitupu, mirembo na michafu, inakimbia. Katoni haikuwa na chini. Walikuwa wameikata, wameiingia, wameishika viunoni, na gari lao lilikwenda kwa miguu yao wenyewe. Dereva alikuwa ameinua goti. Msichana alikuwa na kidole gumba cha mguu kilichofungwa kitambaa, kidonda kama changu, na alikuwa anakimbia nacho.

Niligusa kile kidole kilichofungwa. Wateja walikuwa wameinuka wote wakitazama juu ya bega la baba, na yule mzee wa mgodini akasema taratibu, "Kumbe."

"Dokta atakata," baba alisema. "Sikudanganyi. Ataikata ngozi, atatosha inje ule mufupa yenye kuoza. Kipande tu. Mguu inabakia. Nilisema vile na Papa Kambale, siku ile, mashine ikafunika. Itauma, Noela. Lakini mguu ni yako, utarudia nayo."

Pengine ningeuachia mguu wa kiti kwa maneno hayo. Pengine nisingeuachia. Hatukupata kujua, kwa sababu baba alikuwa ameshaigeukia ile katoni kubwa. Alitoa mablanketi, akampa Papa Kambale ayashike. Kwa mkasi ule uliovunjika akakata chini yote ya katoni, akaingia ndani, akaipandisha hadi kiunoni. Mtu mwembamba, mwenye koti jeupe, mwenye heshima zake mtaani, ambaye hakuwahi kutoka nje bila kupiga viatu rangi. Akakohoa, akapiga honi kwa mdomo, akakimbia kukizunguka kiti cha kunyolea. Akakizunguka tena. Wateja wakapanda juu ya benchi kumpisha. Kijana wa pikipiki, nywele upande mmoja, akaingia nyuma yake, akawa abiria, akapunga mkono. Saluni nzima ikawa inalia kwa kicheko, na Papa Kambale, mablanketi kifuani, alicheka mpaka akaishika Biblia yake isianguke.

Nilikiachia kiti. Nilipelekwa hospitali kwenye kiti cha mbele cha pikapu, mapajani kwa baba, mablanketi chini ya mguu. Katoni tuliiacha kwa watoto wa mtaa.

Iliuma kama alivyosema. Mama alilala chini ya kitanda changu kwenye kitenge, akaenda sokoni kutokea hapo, akarudi hapo. Nilirudi nyumbani na mguu wangu, wenye kovu refu na mfupi kidogo kuliko mwenzake, na kwa muda mrefu nilitembea na fimbo aliyonichongea kaka yangu mkubwa. Picha ilirudi ukutani bila fremu, kwa misumari midogo, miguu nje. Miaka baadaye mvua iliyopenya bati iliiharibu, lakini kwa wakati ule kila mteja wa zamani alitaka kuiona upya, na wengi walibadilisha majibu yao, maana watoto wanaokwenda kwa miguu hawafiki Dubai.

Nilipoacha fimbo, Papa Kambale alisema anapeleka maharage Kipushi, na kama Papa Noela angependa, kulikuwa na nafasi mbele kwa watu wawili. Baba aliifunga saluni. Alivaa suti ya harusi yake. Mimi nilidhani ni kwa heshima ya Papa Kambale, mpaka tulipoziacha nyumba za mwisho za mji na nikaona ameshika ukingo wa dirisha kwa vidole vyote.

"Kile kilima ni nini?" alimuuliza Papa Kambale. "Na hii barabara, inaenda wapi? Na bale bantu, banakaa hapa?"

Nilimtazama. "Papa, haukufikaka Kipushi?"

"Bado."

"Ata siku moja?"

"Bado," alisema tena, kwa sauti ya mtu ambaye angekwenda kesho yake tu. Babu yangu aliletwa kutoka kaskazini mwa Katanga kufanya kazi ya reli. Baba alizaliwa karibu na filimbi za treni, akakua akizisikia, na hakuwahi kupanda moja. Mtu yule aliyekuwa ameisambaza Lubumbashi nzima hadi Brazil kwa swali moja, alikuwa hajatoka mjini.

Kipushi, wakati maharage yakishushwa, tulitembea polepole, mimi nikichechemea, hadi mahali ambapo mtu anaiona Zambia. Kulikuwa na miti na kilima na moshi wa mtu anayepika. Mwanamke mchuuzi alikuwa anavuka kuja upande wetu, beseni kichwani. Baba alivua kofia.

"Mama, samahani. Kule kuko namna gani?"

Mwanamke alimwangalia, suti, kofia mkononi, na nadhani alielewa. Hakucheka.

"Kuko jua, Papa. Paka jua, sawa hapa."

Jua tu, kama kwetu, na baba alimshukuru kama mtu aliyepewa habari njema kutoka mbali, akabaki anaangalia, na mimi nikamwacha aangalie.

Wakati wa kurudi nilimuuliza Papa Kambale kwa nini watoto wake wanarudi kwao kila siku.

"Zamani nilikuwa nasema tu, juu ya roho yangu," alisema. "Sasa niliona miguu yabo. Muntu mwenye kukimbia vile, anaenda paka kwabo."

Baada ya siku ile baba hakuwauliza tena wateja wake, aliwasimulia safari yetu ya Kipushi. Mwanzoni tulikuwa tumekwenda asubuhi tukarudi jioni. Baada ya muda tulikuwa tumelala njiani. Kisha ukaja mto uliofurika, na askari wa mpakani aliyemsihi baba amnyoe, na Wazambia waliotoka nyumbani kwao kumsalimia. Kila wiki Kipushi ilisogea mbali zaidi, na wazee kwenye benchi waliifuata.

Ni yule kijana wa pikipiki aliyeshindwa kuvumilia.

"Papa Noela! Kipushi? Mi nafikaka kule kila siku na baclients. Iko hapa tu!"

Kitana cha baba kilisimama hewani, juu ya kichwa cha mteja. Hakugeuka. Niliyaona macho yake kwenye kioo, yakitazama chini.

"Noela," kijana aliniita, "weye ulikuwa nabo. Sema kweli. Ni mbali?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimetoka shule, begi mgongoni. Nilikuwa nimekuja peke yangu.

"Ni mbali," nilimwambia. "Ni mbali sana."

Na baba akaendelea kunyoa.